Tusikwame kwenye Vitabu vya Mtihani

Wako wenzetu wanaodai ati riwaya ya upelelezi na filamu ni kupoteza wakati. Mimi siafiki hata kidogo! Chukua tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1963. Mistari yake haina vina (wapenzi wa arudhi, tulieni), na nyuso za umati wa Roma unazibuni mwenyewe. Katika filamu ya 1953, Marlon Brando akiigiza Mark Antony, unaziona zikigeuka. Kisha soma *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) wa Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake hamhutubii mtu, anauliza, anangoja. Ajabu, maktabani kwetu hicho ndicho kisichoazimwa.