Kiangazi cha Abisko: nifungashe nini?

*Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili Uppsala, Sweden. Mwanzoni mwa Julai nakwenda kozi ya mazingira ya wiki mbili Abisko, kijiji cha mbali kaskazini mwa nchi. Mama anasisitiza nibebe koti zito na blanketi. Wenzangu wanasema ni kiangazi, jinzi na fulana zinatosha. Nina begi moja tu la mgongoni. Na sala je, huko ambako jua halichwi?*
*Binti wa Tanga*

Hongera, mwanangu, kwa kupata nafasi hiyo.

Koti zito liache, na jinzi ziache pia. Wastani wa joto la Julai Abisko ni nyuzi 11 au 12 hivi. Siku ya jua utatembea kwa fulana, na siku ya upepo wa milimani utatafuta sweta. Baridi yenyewe utaimudu. Kinachomtesa mgeni kule wakati wa kiangazi ni kulowa, mbu na kukosa usingizi. Fungasha kwa ajili ya hayo matatu.

Tuanze na kulowa. Pamba hunywa maji, hukawia kukauka, na ikishalowa inakupokonya joto la mwili. Sufu hukutia joto hata ikiwa na unyevu. Chukua fulana mbili nyembamba za sufu za mikono mirefu, sweta moja, suruali mbili nyepesi zinazokauka haraka, pamoja na koti na suruali ya mvua. Kofia ya sufu na glavu nyembamba zikae mfukoni. Ukipanda mlima unavua, ukisimama kupima udongo unavaa tena. Sufu mpya ni ghali, kwa hiyo pita kwanza kwenye maduka ya mitumba hapo Uppsala. Geuza kola usome lebo: ukiona neno *ull*, hiyo ndiyo sufu.

Miguuni unahitaji mabuti ya mpira marefu. Kilomita 10 hivi mashariki ya Abisko kuna kinamasi cha Stordalen, ambako wanasayansi hupima gesi inayotoka ardhini kadiri ardhi iliyoganda inavyoyeyuka. Wanafunzi wa mazingira hupelekwa huko mara nyingi. Zipo njia za mbao, lakini ukikanyaga pembeni mguu unazama. Nunua mabuti yanayokuachia nafasi ya soksi nene, na uyajaribu dukani ukiwa umezivaa. Viatu vya kupandia mlima viwe vile vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Na kwenye daftari tumia penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu.

Mbu wa kule hawaambukizi malaria, lakini upepo ukitulia hutoka kwa makundi, na ukiwa umeinama kuandika hawakupi nafasi. Beba wavu wa kichwani na uuvae juu ya kofia yenye ukingo, ili usigusane na uso. Shati na suruali ziwe pana na za rangi isiyoiva: rangi za giza huwavuta, na nguo ya kubana wanaidunga hadi kwenye ngozi. Dawa ya kupaka inunue Uppsala, maana Kiruna, mji wa karibu wenye maduka ya maana, uko karibu kilomita 100 kutoka kijijini. Kwa sababu hiyo hiyo, kama una dawa unazotumia kila siku, beba za wiki mbili na akiba juu yake.

Kuhusu usingizi: Abisko iko kilomita 200 hivi kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, na jua halichwi tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Chukua kifuniko cha macho na kanga mbili nzito. Kanga utaitundika dirishani, utajifunika kwenye treni ya usiku, utajitanda wakati wa sala. Mwambie mama kwamba hizo ndizo blanketi zako. Lala kwa saa, usisubiri giza.

Sala haisimami, mwanangu. Pale ambapo jua halichwi, wanazuoni wanakubali kukadiria nyakati: wapo wanaofuata mji wa karibu ambako usiku na mchana hutengana, na wapo wanaofuata saa za Makka. Muulize imamu wa msikiti wako kabla ya safari, shika kauli moja, uandike ratiba kwenye karatasi.

Beba pia hati zako za safari: pasipoti na kibali cha ukaazi. Treni hiyo ya usiku inayokufikisha Abisko inaendelea hadi Narvik, Norway, na Abisko ina vituo viwili: Abisko Östra ni cha kijijini, Abisko Turiststation ni cha wageni wa hifadhi ya taifa iliyoko huko. Waulize wenyeji wako wa kozi ushuke kipi.

Mwisho, nchi ile ni malisho ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa Aktiki, na kiangazi ndicho wakati wao wa kuwatia ndama alama. Ukikuta kundi, simama, usilikimbize wala kulisogelea kwa ajili ya picha. Mtu akikufundisha jambo, msikilize amalize kabla hujafungua daftari. Na kama una kahawa ya Kilimanjaro au Kagera, beba pakiti moja ya zawadi. Kaskazini kahawa inapendwa sana.

Fungasha siku tatu kabla, kisha tembea na begi hilo nusu saa. Likikulemea, punguza nguo, lakini wavu, mabuti na koti la mvua usiviguse. Safari njema, na ukirudi niandikie.