Utamu Usiotokana na Sukari: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Maneno "Bila Sukari" yameenea siku hizi juu ya chupa za soda, pakiti za unga wa juisi, chingamu na vikopo vya vidonge vidogo vya kutia katika chai. Mwenye kisukari huyasoma kwa matumaini, mzazi huyasoma kwa faraja, na anayetaka kupunguza uzito huyasoma kana kwamba amepewa ruhusa. Somo hili linakusudia kumsaidia mlaji ayapime maneno hayo: yanaahidi nini, hayaahidi nini, na ni nani hasa anayepaswa kuwa mwangalifu.

Viongeza utamu ni nini?

Viongeza utamu ni viambato vinavyoupa ulimi ladha tamu bila kuupa mwili sukari. Watu wengi huviita sukari bandia. Kilicho kikongwe kuliko vyote ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mkemia Constantin Fahlberg alitoka kazini bila kunawa mikono vizuri, akashangaa kuona mkate aliokuwa akila una utamu usio wa kawaida. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, sukari ilipoadimika, sakarini ilipata watumiaji wengi. Baadaye vikafuata vingine: siklameti, aspatemu, asesulfemu na sukralosi. Viongeza utamu vya stevia hutokana na majani ya mmea wa asili ya Amerika ya Kusini.

Nguvu yake ni kubwa. Utamu wa aspatemu ni takriban mara 200 ya utamu wa sukari. Sakarini hufikia mara 300 na zaidi. Sukralosi mara 600 hivi. Ndiyo maana kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi hutosha kikombe kizima cha chai. Kwa kuwa kiasi kinachotumika ni kidogo mno, nishati inayoingia mwilini ni karibu na hakuna.

Hesabu ya siku moja

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoongeza katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni takriban gramu 50. Shirika hilo lilisema pia kwamba kupunguza hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25, kungeleta manufaa zaidi.

Sasa tumtazame mtu mzima anayekunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4, hivyo amekwisha kula gramu 24. Mchana akinywa soda ya kawaida ya mililita 350, yenye gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, ataongeza kati ya gramu 35 na 38. Jumla yake ni takriban gramu 60: amevuka mpaka kabla hatujahesabu maandazi ya asubuhi.

Akibadili soda hiyo kwa soda isiyo na sukari, atarudi kwenye gramu 24. Faida hiyo ni ya kweli na hatupaswi kuipuuza. Lakini hesabu haiishii kwenye chupa. Wengi wetu, tukishajiambia kwamba kinywaji hakina sukari, huona tumepata nafasi ya andazi la pili, chapati ya tatu au sahani ya wali iliyojaa zaidi. Kiongeza utamu huondoa sukari ndani ya kinywaji peke yake. Hakipunguzi wanga ulio katika ugali na wali, wala mafuta ya kukaangia, wala chumvi. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa chai yenye vidonge huku akila chapati nne bado sukari yake itapanda.

Wataalamu wanasema nini?

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri viongeza utamu visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito au ya kujikinga na maradhi yasiyoambukiza. Baada ya kuchambua tafiti nyingi, lilihitimisha kwamba havijaonyesha manufaa ya muda mrefu katika kupunguza mafuta ya mwili. Baadhi ya tafiti ziliwahusisha watumiaji wa miaka mingi na ongezeko la kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Hata hivyo, tafiti za namna hiyo hazithibitishi kwamba kiongeza utamu ndicho kisababishi, kwa kuwa mara nyingi mtu huanza kukitumia akiwa tayari na uzito mkubwa. Kwa sababu hiyo ushauri huo ulitolewa kwa masharti. Tena haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Hao wafuate maelekezo ya mhudumu wao wa afya.

Miezi miwili baadaye, Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, likieleza kwamba ushahidi uliopo ni mdogo. Wakati huohuo kamati ya kimataifa ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ilibakiza kiwango kilekile cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kundi la kwanza liliuliza kama madhara yanawezekana, la pili likauliza ni kiasi gani kinaweza kuliwa bila wasiwasi. Majibu hayo mawili hayapingani.

Kwa mtu wa kilo 70, kiwango hicho ni miligramu 2,800. Ikiwa kopo moja la soda lina miligramu 200 hadi 300 za aspatemu, mtu huyo angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku ili aufikie mpaka. Lakini mtoto wa kilo 15 mpaka wake ni miligramu 600, ambazo ni sawa na makopo mawili au matatu tu. Kinywaji kilekile kisicho na uzito kwa baba kinaweza kuwa kingi kwa mwanawe.

Jinsi ya kusoma lebo

Mlaji anayesoma maandishi makubwa ya mbele ya pakiti amesoma tangazo. Ageuze pakiti asome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huanza na kilicho kingi na kuishia na kilicho kidogo. Azingatie mambo haya:

1. "Bila sukari" na "haijaongezwa sukari" si kitu kimoja. Kwa viwango vya kimataifa, bidhaa huitwa isiyo na sukari ikiwa haina zaidi ya nusu gramu ya sukari katika gramu au mililita 100. Bidhaa isiyoongezwa sukari yaweza kuwa na sukari nyingi ya asili, kama ile iliyo ndani ya juisi ya zabibu au ya nanasi.

2. Viongeza utamu mara nyingi huandikwa kwa namba. Asesulfemu ni 950, aspatemu 951, siklameti 952, sakarini 954, sukralosi 955 na stevia 960. Namba hizo ni za kimataifa, na huweza kutanguliwa na herufi E.

3. Kuwapo kwa kiongeza utamu hakumaanishi kwamba sukari haimo. Zipo bidhaa, hasa unga wa juisi, zinazochanganya vyote viwili. Mzazi anayewagandishia watoto barafu kwa unga huo asome pakiti yake kabla ya kuongeza sukari nyingine.

4. Sorbitoli (420) na zailitoli (967), zinazotumika sana katika chingamu na peremende, zikiliwa kwa wingi huweza kuharisha.

5. Asali na sukari guru si viongeza utamu visivyo na sukari. Zina ladha na sifa zake, lakini mwilini huhesabiwa kama sukari.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dalili za hali hiyo ni kutetemeka, kutoka jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo anahitaji sukari ya kweli mara moja: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari, au maji yaliyotiwa vidonge vya utamu, hayatamsaidia hata kidogo, ingawa ulimi wake utaonja utamu uleule. Baada ya dakika 15 apimwe. Ikiwa bado iko chini, arudie, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani, bali akimbizwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hii isiondoe sukari yote. Ibaki kidogo mahali panapojulikana na kila mtu, mpaka mtoto mkubwa na msaidizi wa nyumbani.

Wa pili ni mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria. Mwili wake hauwezi kuchakata fenilalanini, ambayo ni sehemu ya aspatemu. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini ndio sababu ya onyo utakaloliona kwenye vinywaji vyenye namba 951.

Wa tatu ni watoto. Pamoja na hesabu ya uzito tuliyoifanya, mtoto anayekua akinywa kila kitu kitamu hujifunza kwamba maji matupu hayana ladha. Kinywaji chake cha kila siku kiwe maji safi na salama, na maziwa yasiyotiwa sukari.

Kuufundisha ulimi upya

Swali la msingi si sukari gani tutumie, bali tunahitaji utamu kiasi gani. Vidonge na soda isiyo na sukari huubakiza ulimi palepale ulipozoea. Kwa mtu aliyekuwa akinywa soda kila siku vinaweza kuwa daraja la kuvukia. Lakini daraja si mahali pa kujenga nyumba.

Tunayo mifano katika desturi zetu. Kwenye baraza za pwani, kahawa hunywewa chungu, na pembeni huwekwa tende moja mbili au kipande cha kashata. Utamu upo, lakini umepewa mahali pake na kipimo chake. Haujamwagwa ndani ya kila funda. Iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai navyo huipa chai harufu na ukali unaoufanya ulimi usiitafute sukari kwa pupa.

Familia inayotaka kuanza ifuate hatua hizi:

Wiki mbili za kwanza, kila mtu apunguze nusu kijiko katika kikombe chake. Wiki mbili zinazofuata apunguze nusu nyingine, na kuendelea hivyo. Ulimi huzoea polepole; baada ya majuma kadhaa chai ya zamani huonekana tamu kupita kiasi.

Chai isitiwe sukari ndani ya birika. Kila mmoja aitie mwenyewe kikombeni, ili ajue anachokunywa.

Soda, iwe yenye sukari au isiyo nayo, iwe ya sherehe. Mezani pakae jagi la maji, likiwa na vipande vya limau au majani ya mnanaa kwa anayependa.

Tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa. Chungwa zima lina nyuzinyuzi zinazoshibisha, ilhali glasi moja ya juisi huweza kumaliza machungwa matatu bila mnywaji kuhisi ameshiba.

Maswali ya kujipima

Je, katika kabati lako kuna bidhaa ngapi zenye namba 950 hadi 960? Nani nyumbani anazitumia, na ana uzito gani? Wewe na watu wako mnatia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Na ikiwa ndani ya nyumba yuko mwenye kisukari, je, kila mmoja anajua sukari ya dharura imewekwa wapi?

Ukikuta bidhaa isiyo na orodha ya viambato, au yenye lebo iliyobanduliwa au isiyosomeka, usiinunue. Ikiwa umekwisha kuinunua, hifadhi risiti na kifungashio chake, kisha utoe taarifa kwa mamlaka inayosimamia usalama wa chakula. Mlaji anayegeuza pakiti na kuisoma hujilinda yeye mwenyewe, na humlinda pia atakayefika dukani baada yake.