Nina miaka 37 na goti linaniuma, nianze karate au judo?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, nakaa Tabata. Mwezi uliopita nilikwapuliwa mkoba na vijana wa pikipiki nikitoka kituoni saa mbili usiku. Sikuumia, ila tangu siku hiyo nikisikia pikipiki nyuma yangu mwili unakufa ganzi. Nimeamua nijifunze kujihami.

Nimetembelea sehemu mbili. Ya kwanza wanafundisha karate, ukumbi mzuri wenye vioo. Mwalimu anataka nilipe miezi sita kwa mkupuo pamoja na sare, na anasema nikijituma nitapata mkanda mweusi ndani ya mwaka. Nilimwona msichana aliyeanza wiki hiyo hiyo akipambanishwa na kijana mkubwa, akatoka anavuja damu puani, watu wakacheka. Ya pili ni judo, kwenye darasa la shule ya msingi. Mikeka imechakaa, na saa nzima wanaoanza walijifunza kuanguka tu. Nilichoka hata kuangalia. Mimi ni mfupi, goti la kulia linauma nikipanda ngazi, na mume wangu anasema umri huu si wa kurusha mateke. Nifanyeje?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa yaliyokukuta.

Nenda kwenye judo. Kile kilichokuchosha ndicho kilichonifanya nimwamini yule mwalimu. Kwenye judo utaangushwa kila jioni ya mazoezi, kwa hiyo lazima kwanza ujue kuanguka. Ukienda kinyumenyume unakunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, unatoa pumzi, na unapiga mkeka kwa mkono mzima, kuanzia kiganja hadi juu, mkono ukiwa umetengana kidogo na mbavu. Asiyefundishwa hunyoosha mkono nyuma ili ajizuie, na uzito wote wa mwili unaishia kwenye kifundo cha mkono au kiwiko. Mwalimu anayekaa na wageni saa nzima kwenye jambo hilo anakulinda. Na siku ukiteleza bafuni utamshukuru.

Kule kwenye vioo usirudi. Karate yenyewe haina kosa. Gichin Funakoshi, aliyekuwa mwalimu wa shule kule Okinawa, aliipeleka Tokyo mwaka 1922, na hadi leo anayeanza hutumia muda mwingi kwenye misingi: kusimama, kuzuia, kupiga hewa, kufuata mfuatano wa miondoko uitwao kata mpaka mwili uzoee. Kumpambanisha mtu wa wiki ya kwanza na kijana mwenye nguvu ni kumtesa, na mwalimu anayeacha watu wamcheke mtu anayetoka damu amekwisha kukuonyesha atakavyokufanyia wewe. Hiyo ahadi ya mkanda mweusi pia inanitia shaka. Kwa walimu makini mkanda huo huchukua miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Anayekuahidi ndani ya mwaka huku anataka fedha ya miezi sita anauza mkanda.

Ila hata kwenye judo usijiandikishe bado. Rudi, kaa pembeni, uangalie kitu kimoja. Wakubwa wakishikana chini, mmoja akikabwa au mkono wake ukikunjwa, atagonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili. Hapo hapo mwenzake anatakiwa aachie. Mwangalie anayeachia, kisha mwangalie mwalimu. Kama mtu anagonga na bado anaendelea kubanwa, na mwalimu yuko kimya, ondoka, hata kama kila kitu kingine kinakupendeza. Kisha zungumza na wanawake wanaofanya mazoezi pale, mwalimu akiwa mbali. Waulize wanabadilishia nguo wapi, na kama mwalimu akiwashika kuwarekebisha huwa anawaambia kwanza. Judo ni mchezo wa kushikana, kwa hiyo una haki ya kujua hayo kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Ufupi usikutie hofu. Keiko Fukuda wa Japani alikuwa na kimo cha takriban sentimita 150 tu, na alifundisha judo San Francisco mpaka akiwa na miaka zaidi ya 90. Judo humfundisha mtu kuingia chini ya uzito wa mwenzake, na mfupi tayari yuko karibu na huko.

Goti ni suala jingine, na hapo nakusihi usione aibu. Lionyeshe kwa daktari kabla ya kuanza, halafu mwambie mwalimu siku ya kwanza. Omba upangwe na wenye mikanda ya juu. Watu hudhani mgeni mwenzao ndiye salama, kumbe mgeni ndiye anayekuangukia mguuni kwa kuwa hajui kuzuia mwili wake. Mzoefu anajua kukushusha chini taratibu.

Sasa kuhusu wale vijana wa pikipiki. Hakuna darasa litakalokuwezesha kung'ang'ania mkoba na mtu aliye kwenye chombo kinachokimbia, au mwenye kisu. Mwachie. Mkoba unanunuliwa. Utakachopata baada ya miezi kadhaa ni mwili usioganda: umeshikwa, umesukumwa, umeanguka, ukainuka, mara nyingi mno kiasi kwamba hofu haikufungi tena miguu. Kwa hali unayonieleza, hilo ndilo unalolihitaji.

Mumeo usibishane naye. Mwombe aje siku moja aangalie. Ataona watu wazima, na si ajabu akakuta wenye mvi. Kama anafuatilia michezo, mkumbushe kwamba Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwenye judo, Olimpiki ya Paris 2024.

Lipa mwezi mmoja tu. Vaa suruali ya mazoezi na fulana ngumu, kata kucha, vua hereni na pete. Sare, yule mwalimu akiwa muungwana, atakuambia usubiri. Mwezi ukiisha niandikie, unieleze goti linaendeleaje.