Ukienda Kutazama Vyungu na Nguo

MJUKUU: Bibi, kesho naenda kwenye maonyesho ya vyungu na nguo za kufuma. Nahofia nitatazama nisione.

BIBI: Usianze na kibandiko cha ukutani. Kizunguke kitu chenyewe, ujiulize: mkono ulifanya nini hapa?

MJUKUU: Nitajuaje, na kugusa hakuruhusiwi?

BIBI: Jicho linatosha. Chukua vyungu vya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Hatumii gurudumu. Hupandisha udongo kwa mkono, kisha huusugua uso mpaka ung'ae. Mng'ao ule hautokani na rangi ya kupakwa. Umetoka kwenye udongo wenyewe.

MJUKUU: Mbona vingine vyekundu, vingine vyeusi tititi?

BIBI: Moto huo. Udongo wenye chuma ukichomwa kwenye tanuri linalopata hewa, chungu hutoka chekundu. Hewa ikizibwa, moshi ukatanda, hutoka cheusi. Ukiona rangi zote mbili kwenye chungu kimoja, unasoma njia ya moto.

MJUKUU: Na nguo?

BIBI: Tafuta kwanza mtande, nyuzi zilizotangulia kuvutwa, halafu mshindio, unaopita juu na chini yake. Kisha tazama ukingo. Ukinyooka, ujue mfumaji alivuta sawasawa mwanzo hadi mwisho.

MJUKUU: Lakini udongo na uzi vina uhusiano gani hata viwekwe ukumbi mmoja?

BIBI: Uhusiano wa siku nyingi. Kule Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilitumika kusokotea uzi. Chungu kilichovunjika kilirudi kazini, kikasaidia kuzaa nguo.

MJUKUU: Basi kwa nini chungu cha sokoni ni cha bei rahisi, na cha Odundo kinawekwa ndani ya kioo?

BIBI: Kimoja ni cha kupikia, kingine ni cha kutazamwa, lakini ujuzi una shina moja. Odundo alikwenda Nigeria, katika mji ulioitwa Abuja wakati huo na sasa unaitwa Suleja, akajifunza kwa wafinyanzi wanawake kama Ladi Kwali, aliyekulia katika ufinyanzi wa vyungu vya nyumbani. Usimtukuze mmoja kwa kumdharau mwingine.

MJUKUU: Na nisipoelewa maana yake?

BIBI: Usiikimbilie maana. Ukijua kitu kilivyotengenezwa, utaona fundi aliamua nini: mbona shingo imeinama, mbona nyuzi zimeachwa wazi. Hapo ndipo usome kibandiko. Kikipingana na ulichoona, rudi ukatazame tena.