Jiko Likinuka, Linasema Nini?

Tukitembelea vikundi vya Msambweni, Diani na vijiji vya ndani, kina mama hutuuliza: "Hili jiko langu lanuka, nifanyeje?" Wengi hufukiza udi. Udi ni mzuri, lakini huo hufunika harufu tu. Kilichoileta kiko pale pale. Harufu ni mjumbe. Basi tumsikilize kwanza kabla hatujamfukuza.

1. Moshi unaowasha macho
Hapa kuni ni mbichi, ama makumbi ya nazi yamenyeshewa. Kitu chenye maji hakiungui vizuri, ndiyo maana moshi unakuwa mwingi. Pasua kuni, zianike, uziweke mahali pakavu. Acha nafasi juu ya ukuta moshi utokee. Na usipulize moto mtoto akiwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020.

2. Harufu ya plastiki
Mfuko au kandambili iliyokatika huwashia moto haraka, kweli, lakini moshi wake ni sumu. Washia makuti makavu.

3. Harufu ya mafuta ya taa
Angalia tambi. Zikiwa fupi, zimeungua au hazilingani, mafuta hayaungui yote. Zilinganishe ama uzibadilishe. Washia jiko nje na kulizima nje. Usiongeze mafuta likiwa bado la moto.

4. Harufu ya yai bovu kwenye gesi
Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Hutiwa harufu hiyo makusudi, ili ikivuja tujue. Ukiisikia, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutuama chini. Baadaye, kabla ya kuwasha tena, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

5. Hatari isiyonuka
Hapa ndugu, tusikilizane sana. Makaa yakishakolea yakawa mekundu, moshi umekwisha na harufu hakuna. Usiku wa masika mtu husema, "Sasa liingie ndani tupate joto," kisha mlango unafungwa, watu wanalala. Kumbe makaa hayo yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi tunayoihitaji. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, na aliyelala huenda asiamke tena.

Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali hata akisema amepata nafuu. Watu wengi hukimbilia kumpa maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Kinga ni moja: jiko la makaa halilali ndani na watu. Mkisikia baridi, ongezeni shuka.

Katika Injili ya Yohana, mlango wa 21, tunasoma kwamba Bwana Yesu aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya moto wa makaa, ufukweni. Sisi watu wa pwani twaujua upepo wa ufukweni. Basi na tuuache uingie majikoni mwetu, Mkristo kwa Mwislamu, kwa maana sumu haichagui nyumba.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Jiko lako lilinuka nini wiki hii? Sababu yake ni ipi?
2. Ni nani kati ya majirani hulala na jiko la makaa ndani? Nani ataenda kumwambia, na lini?
3. Kikundi kitasaidia vipi mzee au mama mzazi asiye na shuka la kutosha?

Mkikutana tena, kila mmoja aeleze alichobadilisha jikoni mwake.