Kiswahili katika Darasa la Watu Wazima: Mfano wa Nyansiongo

Utangulizi

Katika majarida ya vyama vyetu tumeandika mengi kuhusu riwaya, ushairi na usanifishaji wa lugha, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, msomaji anayeanza kujifunza kusoma akiwa na umri wa miaka hamsini tumemwachia serikali na makanisa. Makala haya yanamwangazia msomaji huyo katika eneo la Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira. Dai langu ni kwamba Mgusii mtu mzima huingia darasani akiwa tayari amebeba sehemu kubwa ya sarufi ya Kiswahili. Anachokikosa ni maandishi yanayolingana na umri wake, na deni hilo ni letu sisi tunaosomea fasihi.

Madarasa haya nchini Kenya huitwa ngumbaru au gumbaru, jina lililogeuka kuwa la mzaha. Wapo wanaoficha daftari chini ya mboga kikapuni ili majirani wasijue wanakokwenda. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka wa 1966, na mwaka wa 1979 idara maalumu ikaundwa sambamba na kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Pamoja na juhudi hizo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2006 ulibaini kuwa ni asilimia 61.5 tu ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika, milioni 7.8 hivi hawakujua. Ulimwengu ulimshangilia mzee Kimani Maruge alipojiunga na darasa la kwanza huko Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Mamilioni wengine hawakupigwa picha.

Risiti na soko

Nyansiongo imo Borabu, katika ardhi iliyokuwa ya walowezi wa Kizungu kabla ya kugawiwa wakulima Waafrika katika miaka ya 1960. Zao kuu ni majani chai. Mkulima hupeleka majani mabichi kituoni, yanapimwa, naye hupewa risiti ya kilo zake. Malipo ya bonasi huja baadaye, mara moja kwa mwaka, kwa kutegemea kilo hizo hizo. Asiyejua kusoma hukunja risiti na kuipeleka nyumbani akasomewe na mtoto. Mama mmoja katika darasa nililolitembelea mara kadhaa alinieleza, bila uchungu wowote, kwamba kwa miaka mingi mwanawe ndiye aliyemwambia ana kilo ngapi, na kwamba hakuwahi kujua ni lini mtoto huyo alikuwa akisema kweli.

Haja ya pili ni ya soko. Mwendo mfupi kutoka Nyansiongo kuna Chepilat, mpakani na Sotik, ambako Wagusii hukutana na Wakipsigis. Ekegusii ni lugha ya Kibantu na Kikipsigis ni ya Kinailoti. Bei hupatanishwa kwa Kiswahili. Mpaka huo ulikumbwa na ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Simaanishi kwamba lugha huzuia vita. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeamua kurudi sokoni baada ya ghasia alihitaji lugha ya kurudi nayo.

Sarufi iliyomo kinywani

Wengi wetu, tukipewa darasa kama hili, tungeanza na jedwali la ngeli. Hilo lingekuwa kosa. Mgusii anasema omonto na abanto, tunaposema mtu na watu. Omote na emete, mti na miti. Egento na ebinto, kitu na vitu. Hata neno la mkopo limeingizwa katika mfumo huo: egetabu na ebitabu, kitabu na vitabu. Irabu ya mwanzo ikidondoshwa, kiambishi kinajitokeza wazi. Nilipoandika jozi hizi ubaoni, mzee mmoja alicheka akasema kwamba Waswahili wamekata vichwa vya maneno yetu. Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi kuhusu jambo hilo, hata katika mihadhara.

Ugumu halisi umo katika sauti. Ekegusii hakitofautishi /l/ na /r/, hivyo mwanafunzi huandika anavyotamka. Kosa hili huchekwa sana, lakini kwa anayejifunza kuandika ni suala la maana: kula na kura, mahali na mahari. Barua inayomwalika mtu mahali fulani si sawa na inayomdai mahari. Mwalimu akikemea matamshi, darasa hunyamaza. Akitumia jozi kama hizi, wenyewe huanza kutunga sentensi za kuchekesha, na herufi zikakaa.

Cha kusoma baada ya darasa

Mfano wa kujifunza uko ng'ambo ya ziwa. Kati ya mwaka wa 1968 na 1972, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, mradi uliosaidiwa na UNESCO uliandaa vitabu vya kwanza vya Kiswahili kufuatana na kazi za watu: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi. Mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takriban watu milioni mbili katika vikundi vya redio vilivyokuwa na kitabu cha kusomwa kwa sauti. Kutojua kusoma kulikadiriwa kuwa asilimia 67 mwaka wa 1967. Kufikia 1986 kulikuwa chini ya asilimia 10. Waliofuzu walipata cha kusoma, nao wakaendelea kusoma.

Darasa nililolitembelea lilikuwa na vitabu vya watoto wa shule ya msingi. Bibi mwenye wajukuu sita anasoma habari za sungura na mpira. Riwaya zetu teule nazo ni ndefu na lugha yake ni nzito. Baina ya sungura na riwaya hakuna kitu.

Siku moja yule mama wa risiti aliniomba kitu cha kusoma nyumbani wiki nzima. Mkobani nilikuwa na sura ya pili ya tasnifu yangu. Usiku ule nilitunga hadithi ya kurasa mbili kuhusu mwanamke mchuma chai, nikaiandika kwa herufi kubwa. Alipoirudisha alikuwa ameisoma yote, na pembeni mwa aya ya tatu alikuwa ameweka alama ya kosa.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu uliyemwandika anachuma majani manne. Kituoni watayakataa. Ni mawili na chipukizi."

Nimeiandika upya.