Nguvu za Mwili na Ada za Nyumbani

Mara nyingi mtu aamkaye asubuhi hali amechoka, viungo vizito na moyo hauna raghba ya kazi, huitwa mvivu, au hujidhania kuwa ana maradhi ya siri, ilhali nguvu zake zilipotea usiku uliotangulia, kwa ada ambazo nyumba nzima imezizoea hata hakuna azitiliaye shaka.

Mtu mzima ahitaji usingizi usiopungua saa 7, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Basi mwanafunzi aamshwaye saa 11 alfajiri yafaa awe amekwisha lala saa 2 usiku. Kahawa ya barazani baada ya Isha nayo si jambo dogo, kwani hata saa 5 zikipita, yapata nusu ya kafeini yake huwa ingali mwilini, ikiufukuza usingizi.

Lakini lililo zito zaidi, nalo husemwa kwa nadra, ni hali ya mama, ambaye wenziwe wakiisha kulala yeye yungali akikosha masufuria, akiroweka maharage na kupiga pasi sare za watoto, kisha kabla ya adhana ya alfajiri ndiye awashaye jiko. Hiyo ni dhuluma, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia. Vyombo na vikoshwe mara baada ya chakula, na wavulana washike zamu sawasawa na dada zao.

Iko na ada ya kunywa chai pamoja na chakula. Chai huyazuia madini ya chuma yaliyomo katika mchicha na maharage yasiingie mwilini vizuri, na pasipo chuma damu hupungua, hata mtu akatweta kwa kupanda ngazi chache, na viganja na kope kwa ndani vikapauka. Chai na ingojewe saa nzima baada ya kula, na mboga ikiisha kuepuliwa ikamuliwe ndimu, isaidiayo chuma kupenya. Mja mzito ndiye ahitajiye tahadhari hii kuliko wote.

Ikiwa mtu amelala vya kutosha kwa majuma kadhaa na uchovu haukumtoka, aende zahanati akapimwe damu, kwani safura, malaria na kisukari huanza hivyo hivyo, wala asinunuliwe dawa ya kuongeza damu kabla ya kipimo.